Thomas Telford: Mwashi aliyedhihirisha kuwa masomo ya mhandisi hayaishi

NI jambo la kawaida kwa mtu kudhani kwamba akishapata cheti cha taaluma yake, safari ya masomo imefika kikomo. Thomas Telford, mmoja wa wahandisi mashuhuri zaidi katika historia ya Uingereza, hakuwa na cheti chochote cha chuo, na huenda ndiyo sababu hakupata mahali pa kuikatiza safari yake.

Mwana huyu wa mchungaji wa kondoo alianza kazi akiwa mwashi wa mawe. Aliishia kuwa mjenzi wa madaraja, barabara, mifereji na bandari, na rais wa kwanza wa Taasisi ya Wahandisi wa Ujenzi jijini London. Kati ya hatua hizo mbili ipo miaka mingi ya kusoma, kupima, kuuliza na kujisahihisha.

Isitoshe, Telford ni miongoni mwa watu walioufanya ujifunzaji huo kuwa wajibu wa taaluma nzima, wala si jambo la mtu binafsi kujifungia chumbani na vitabu vyake.

Malezi ya dhiki

Telford alizaliwa Agosti 9, 1757, katika shamba la Glendinning, kwenye vilima vya bonde la Eskdale, kusini mwa Scotland. Babake, John, aliaga dunia mtoto akiwa angali mchanga. Mamake, Janet, ndiye aliyemlea kwa taabu, akisaidiwa na jamaa na majirani.

Alisoma katika shule ya parokia ya Westerkirk huku akichunga mifugo ya watu ili kujikimu. Alipofikisha umri wa miaka 14 alitiwa katika uanagenzi wa uashi. Baadhi ya kazi zake za ujana zimo katika daraja la mawe lililovuka Mto Esk katika mji mdogo wa Langholm.

Katika mji huo, mwanamke mmoja aliyejulikana kama Bi Pasley alimfungulia kabati lake la vitabu. Mwashi huyo kijana akawa anarejea kazini mchana na kusoma usiku kwa mwanga wa moto wa jikoni. Mazoea hayo ya kuchonga jiwe mchana na kufungua kitabu usiku hayakumtoka tena.

Mnamo 1780 alikwenda Edinburgh, ambako mtaa mpya wa kifahari ulikuwa ukijengwa, ili ajionee jinsi mafundi hodari walivyofanya kazi. Miaka miwili baadaye akaelekea London na kupata ajira ya uashi katika jumba la Somerset House, lililokuwa likijengwa chini ya msanifu William Chambers.

Kemia baada ya kazi

Mwaka 1784 Telford alipelekwa Portsmouth kusimamia ujenzi katika gati la jeshi la wanamaji. Kufikia hapo alikuwa amepiga hatua kubwa kwa mtoto wa mchungaji: alilipwa vyema, alisimamia wenzake na jina lake lilianza kutajwa na watu wenye mali.

Wengi wangeridhika. Yeye, hata hivyo, alitumia jioni zake kujifunza kemia. Alitaka kufahamu kwa nini chokaa moja hushika mawe kwa miaka mingi ilhali nyingine hubomoka baada ya misimu michache ya mvua. Alisaka maandishi ya wanasayansi wa wakati huo, akayanakili kwenye daftari aliyotembea nayo na kumsimulia rafikiye wa Langholm, Andrew Little, kwa barua.

Jambo hili linastahili kuangaliwa kwa makini. Mwashi stadi alijua kuchanganya chokaa kwa mazoea aliyorithi kwa bwana wake. Telford alitaka kujua sababu, kwa kuwa aliyejua sababu angeweza kujenga mahali ambapo mazoea hayakuwahi kufika. Baadaye alijifunza pia kusoma Kifaransa ili apate kufuata kazi za wahandisi wa Ufaransa, waliokuwa mbele ya Waingereza katika nadharia ya madaraja.

Kanisa la Shrewsbury

Kupitia kwa mfadhili wake, mbunge tajiri William Pulteney, Telford aliteuliwa kuwa msimamizi wa kazi za umma katika jimbo la Shropshire, magharibi mwa Uingereza. Huko ndiko maarifa yake yalikopimwa hadharani.

Mwaka 1788 wazee wa kanisa la St Chad, mjini Shrewsbury, walimwita akague paa lililokuwa likivuja. Alipoangalia nyufa za kuta alitambua kwamba tatizo halikuwa paa hata kidogo. Kaburi lilikuwa limechimbwa karibu mno na msingi wa nguzo moja, na jengo zima lilikuwa likielekea kuanguka.

Aliwaonya wazee hao kwamba hakukuwa na haja ya kuzungumzia paa kabla ya kuziimarisha nguzo. Walimpuuza. Wengine walimshuku kuwa anajitafutia kazi kubwa zaidi ili alipwe zaidi, naye akaondoka akiwashauri kwamba wakiendelea na mazungumzo yao ni heri wayafanyie nje.

Siku chache baadaye, alfajiri ya Julai 9, mnara wa kanisa uliporomoka na kuangukia sehemu kubwa ya jengo. Kwa bahati njema, kanisa lilikuwa tupu saa hiyo. Tangu siku hiyo, watu wa Shropshire walianza kumsikiliza mwashi kutoka Scotland.

Kujifunza chuma

Kufikia wakati huo Telford alikuwa bingwa wa mawe. Lakini katika jimbo hilohilo, mahali paitwapo Coalbrookdale, palikuwa na daraja la kwanza kubwa la chuma duniani, lililokamilishwa mwaka 1779. Chuma kilikuwa kitu kigeni kwa waashi, na wengi walikiacha kwa wahunzi.

Februari 1795 Mto Severn ulifurika na kusomba madaraja mengi. Telford alipotakiwa kujenga upya daraja la Buildwas, alichagua chuma cha kusubu. Alilichunguza lile la Coalbrookdale, akaona palipotumika chuma kingi bila faida, kisha akabuni lake kwa hesabu tofauti. Daraja la Buildwas lilikamilika mwaka 1796 likiwa na upana wa takriban mita 40 kutoka ukingo hadi ukingo, ilhali lile la awali lilikuwa na mita 30. Uzito wa chuma chake ulikuwa chini ya nusu.

Wakati huo pia alikuwa ameajiriwa kusimamia ujenzi wa Mfereji wa Ellesmere. Hapo alifanya kazi chini ya William Jessop, mhandisi mwenye tajriba kubwa zaidi ya mifereji. Telford, ambaye hakuwahi kujenga mfereji kabla ya hapo, alikuwa na umri wa miaka 36 alipoanza uanagenzi huu mwingine.

Matunda ya ushirikiano huo ni daraja la Pontcysyllte, kaskazini mwa Wales, lililofunguliwa Novemba 26, 1805. Ni daraja linalobeba mfereji: hori refu la chuma limewekwa juu ya nguzo za mawe, na mashua hupita ndani yake zikiwa mita 38 juu ya Mto Dee. Urefu wake ni mita 307. Mwaka 2009 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliuorodhesha mfereji huo kuwa urithi wa dunia, na mashua zingali zinapita.

Milima iliyogeuzwa chuo

Kuanzia 1803 serikali ilimkabidhi Telford jukumu la kuifungua Scotland ya kaskazini, eneo la milima ambako umaskini ulikuwa ukiwafukuza watu kuhamia ng'ambo. Kwa muda wa miaka ipatayo 20 alisimamia ujenzi wa barabara za urefu wa karibu kilomita 1,500 pamoja na madaraja zaidi ya 1,000.

Sambamba na hayo alijenga, pamoja na Jessop, Mfereji wa Caledonia unaokata Scotland kutoka bahari moja hadi nyingine. Mfereji huo ulifunguliwa mwaka 1822, ukiwa umechelewa na kugharimu fedha nyingi kuliko ilivyokadiriwa. Aidha, haukupata biashara iliyotarajiwa, kwani meli zilikuwa zimeanza kuwa kubwa na mvuke ulikuwa ukishika nafasi ya tanga.

Hata hivyo, Telford mwenyewe aliitathmini kazi ya milimani kwa kipimo kingine. Aliitazama kama chuo cha kazi. Wanaume waliofika wakiwa hawajawahi kushika toroli wala kutumia zana za kisasa waliondoka wakiwa mafundi, na kwa hesabu yake watu wapatao 800 walihitimu kwa namna hiyo kila mwaka.

Mwaka 1808 alialikwa nchini Uswidi na Baltzar von Platen kupanga njia ya Mfereji wa Göta. Pamoja na michoro, zana na wafanyakazi wenye ujuzi kutoka Uingereza walipelekwa huko ili Waswidi wajifunze kazi wenyewe. Mfereji huo ulifunguliwa mwaka 1832.

Mzee anayekubali kusahihishwa

Kazi iliyomletea Telford sifa kubwa zaidi aliianza akiwa na umri ambao wengi hustaafu. Ni daraja la Menai, linalounganisha kisiwa cha Anglesey na bara la Wales. Jeshi la wanamaji lilisisitiza kwamba meli zenye milingoti mirefu zisizuiwe, hivyo sakafu ya daraja ilipaswa kuwa mita 30 juu ya maji, na mkondo usizibwe hata wakati wa ujenzi.

Suluhisho lilikuwa daraja la kuning'inia kwa minyororo ya chuma. Telford hakuwahi kujenga la aina hiyo, lakini hakuanza na mikono mitupu. Mnamo 1814, alipokuwa akifikiria daraja jingine la Runcorn ambalo halikujengwa, alifanya majaribio zaidi ya 200 ya kuvuta vyuma hadi vikatike, ili ajue kila unene unaweza kubeba mzigo kiasi gani. Alikuwa akikaribia miaka 57.

Ujenzi wa Menai ulianza mwaka 1819. Kazi ikiendelea, mbunge na mwanahisabati Davies Gilbert alikokotoa umbo la minyororo hiyo na kuonyesha kwamba ilikuwa imenyooshwa mno. Ingefaa ilegee zaidi ili mvutano upungue. Telford hakuwa mtu wa kuamini nadharia tupu, na umaarufu wake ungemtosha kumfukuza mkosoaji. Badala yake aliubadilisha mchoro.

Kisha, kwa tabia yake ya kutaka kuona kwa macho, aliagiza mfano wa robo ya ukubwa halisi utundikwe juu ya bonde kavu lililo karibu, na vipimo vya vyuma vya kushikilia sakafu vikachukuliwa hapo. Hesabu ya msomi na kipimo cha fundi vilikutanishwa, kila kimoja kikahakiki mwenzake.

Daraja lilifunguliwa Januari 30, 1826. Sehemu yake ya katikati ilikuwa na mita 176, na hapakuwa na daraja la kuning'inia lililokuwa refu kuliko hilo duniani wakati huo. Majuma machache hayakupita kabla ya dhoruba kuiyumbisha sakafu na kuvunja baadhi ya vyuma, na likawa somo jipya kwamba upepo nao ni mzigo.

Somo jingine lilimjia katika daraja la mawe la Over, karibu na Gloucester, ambalo umbo lake alilitoa kwa Mfaransa Jean-Rodolphe Perronet. Jukwaa la mbao lililoshikilia tao lilipoondolewa, kilele chake kilididimia kwa takriban sentimita 25. Daraja halikuanguka na lingali limesimama, lakini Telford alikiri katika maandishi yake kwamba alijutia kukubali kupunguza gharama kwenye misingi ya kuta za pembeni. Angeweza kuficha, aliandika ili wengine wasome.

Taasisi ya vijana

Mapema mwaka 1818 kikundi cha wahandisi vijana kilikutana katika mkahawa mmoja wa mtaa wa Fleet Street, London, na kuanzisha chama. Kiongozi wa wazo hilo alikuwa barobaro Henry Robinson Palmer. Walikuwa na shida moja: taaluma yao haikuwa na chuo. Kila mtu alijifunza kwa bwana wake, na alichogundua mmoja kilibaki kwake.

Wahandisi wakubwa walikuwa na jumuiya yao tangu 1771, lakini ilikuwa ya watu waliokwisha kufika, wakikutana kula na kuzungumza. Vijana hao walitaka mahali pa kufundishana. Kwa miaka miwili chama chao kilisuasua, wanachama wakiwa wachache na jina lake likiwa halina uzito.

Mwaka 1820 walimwendea Telford, aliyekuwa na umri wa miaka 62, na kumwomba awe rais. Alikubali, na hakuwa rais wa jina tu. Alihudhuria mikutano, akatoa vitabu na michoro yake, na akahimiza kwamba mwanachama aandike alichokiona kazini na kukileta mbele ya wenzake kijadiliwe. Alitaka pia mijadala hiyo iwekwe katika kumbukumbu, ili asiyekuwepo naye afaidike.

Mnamo Juni 3, 1828, taasisi hiyo ilipata hati ya mfalme. Uhandisi wa ujenzi ukatambuliwa rasmi kuwa taaluma inayoelekeza nguvu za maumbile kwa manufaa ya binadamu. Ofisi yake ilikuwa na maktaba, na maktaba hiyo ilikuwa na watu waliolazimika kuonana.

Alipofikia mpaka wake

Hata hivyo, maisha ya Telford yana upande mwingine ambao haupaswi kufunikwa kwa sifa.

Mwaka 1829 alifanywa jaji wa shindano la kubuni daraja juu ya korongo la Clifton, mjini Bristol. Miongoni mwa washindani alikuwa Isambard Kingdom Brunel, kijana wa miaka 23. Telford aliyakataa mapendekezo yote. Kwa maoni yake, hakukuwa na usalama katika daraja la kuning'inia lenye upana kupita lile lake la Menai. Kisha, alipoombwa, akawasilisha mchoro wake mwenyewe, wenye minara miwili mirefu ya mawe kutoka chini ya korongo.

Hofu yake haikuwa ya bure, kwani aliona kwa macho yake upepo ulivyoitikisa Menai. Lakini kosa lilikuwa kuifanya kazi yake mwenyewe kuwa mpaka wa taaluma. Shindano lilirudiwa na Brunel akashinda mwaka 1831. Daraja la Clifton lilifunguliwa mwaka 1864, baada ya Brunel kufariki, likiwa na mita 214. Tayari katika mwaka wa 1834 wenyeji wa Fribourg, Uswisi, walikuwa wamefungua daraja la mita 273 lililoning'inia kwa nyaya badala ya minyororo.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa reli. Mzee huyo aliyejifunza mawe, chokaa, chuma na maji alizitazama treni za mvuke kwa mashaka, akiamini barabara na mifereji. Wakati wake ulikuwa ukimpita.

Wasia

Telford hakuoa. Kwa miaka 21 makao yake jijini London yalikuwa chumba katika mkahawa wa Salopian, na inasimuliwa kwamba alipohama, mwenye mkahawa mpya alilalamika kuwa alimnunua mhandisi huyo pamoja na jengo, kwa jinsi alivyowavutia wateja. Alifariki Septemba 2, 1834, akiwa na umri wa miaka 77, bado akiwa rais wa taasisi, na akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey.

Katika wasia wake aliiachia taasisi vitabu vyake na pauni 2,000. Faida ya fedha hizo ilikusudiwa kutoa zawadi kwa wahandisi walioandika makala bora kuhusu kazi zao. Nishani ya Telford ingali ikitolewa kila mwaka. Aidha, hakuzisahau maktaba za Langholm na Westerkirk, vijiji vilivyompa kitabu cha kwanza.

Daraja la Menai nalo limefuata njia ya mjenzi wake. Minyororo yake ya awali iliondolewa na mipya ya chuma cha pua kuwekwa kati ya 1938 na 1941, kwa sababu mizigo ya magari haikuwa ile ya magari ya farasi. Minara ya mawe iliachwa pale pale.

Kile ambacho Telford alikifanya kwa hiari, nchi nyingi sasa zimekifanya sheria. Nchini Kenya, Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 ilijumuisha mafunzo endelevu ya kitaaluma miongoni mwa majukumu ya Bodi ya Wahandisi, na mhandisi hutakiwa kuonyesha kwamba amejiendeleza anapotaka kuhuisha leseni yake. Wapo wanaoliona sharti hilo kama karatasi nyingine ya kujazwa mwisho wa mwaka.

Wazee wa kanisa la St Chad nao waliona paa linalovuja tu. Aliyekuwa amesoma zaidi ya kazi aliyoitiwa ndiye aliyeuona msingi, na uhai wa watu ulikuwa juu ya msingi huo.